Unga Unaonukia Ubani

Lebo nilizichapisha kwanza, mtama nikautafuta baadaye. Mume wangu aliniuliza kwa upole, kama ilivyo kawaida yake, kwa nini nisingoje kwanza nipate nafaka ndipo niandike kwenye pakiti kwamba ni ya hapa hapa Tanga. Nikamwambia aniache. Nilikuwa na hasira, na mimi nikiwa na hasira hufanya mambo haraka, na mara nyingine yananiendea vizuri.

Hasira yenyewe ilitokana na magunia. Tuna mashine ya kusaga hapa Chumbageni, uani kwetu, na mbali ya kuwasagia watu mahindi yao tunapakia unga wetu wa kuuza: sembe, dona, na unga wa mtama wa uji, ambao Ramadhani ikiingia hutoka kuliko yote. Mtama tulikuwa tukiletewa na malori kutoka bara, na hujui umelala ghala la nani wala umelala kwa muda gani. Unafungua gunia unakuta mawe, unakuta vijiti, na ile harufu ya dawa ya wadudu inakuingia puani mpaka machozi yanakutoka. Mwaka ule nilikuta kandambili. Nusu ya kandambili, na ile nusu nyingine sikuiona, na mpaka leo sitaki kufikiri ilikwenda wapi. Nikasema basi. Watu wa pwani hii wamekunywa uji wa mtama tangu mababu, leo tuletewe mtama na lori, tena pamoja na viatu? Nikatoka moja kwa moja mpaka kwa mchapaji.

Kupata mtama ndiyo ikawa kazi. Kila nilipouliza watu walinicheka. Nilikwenda mpaka Pangani, nikavuka kivuko, nikazunguka ng'ambo ya pili mchana kutwa, nikarudi na nazi. Kila mkulima alinipa jibu lile lile, kwamba mtama ni chakula cha ndege. Zamani watoto walikuwa wakishinda shambani kuamia ndege, sasa wako shule, na mtu mzima gani atakaa juu ya dungu kutwa nzima kugombana na viumbe wa angani? Mmoja alinishauri nibadilishe lebo, niandike muhogo. Nilimjibu, na nilivyomjibu hakuna haja ya kuandika hapa.

Nilimpata mwenye mtama Tongoni, tena kwa kuelekezwa na mtu aliyekuwa anataka tu niondoke dukani kwake. Alikuwa mama mjane, mrefu, mkavu, anaongea taratibu, na kanga zake zimenyooka hata akiwa na jembe mkononi. Jikoni kwake, juu ya uchaga, kulikuwa na mashuke ya mtama mweupe yamefungwa vicha, maana kila mwaka alipanda mistari michache nyuma ya nyumba kwa ajili ya uji wake mwenyewe. Shamba lake halisi lilishuka kutoka nyumbani kuelekea kwenye mikoko, na sehemu yake kubwa ilikuwa majani matupu.

Nilimwamkia, akanikaribisha, nikamweleza haja yangu. Nataka shamba lote liwe mtama. Nataka kunde katikati ya mistari ili ardhi isichoke, mabua yasichomwe, na dawa ya dukani isiguse kitu, si shambani wala kwenye kuhifadhi. Yeye atauweka mtama kwake mpaka Ramadhani ikaribie, maana kwetu mashine inatoa joto na nafaka haikai. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia na yeye lake.

Wanawe wawili, walioko Dar es Salaam, walikuwa wamempatia mnunuzi wa shamba. Mtu mwenye pesa, anataka kujenga karibu na bahari. Kila wakija wanamwambia shamba halimlishi, anafuga majani tu, na yeye hana la kuwajibu kwa sababu ni kweli.

"Nitalima mtama wako," aliniambia. "Unga ukiliwa wote huko mjini, mwakani nalima tena na wanangu watanyamaza. Ukirudi, basi wao ndio wana haki, nawaachia wauze."

Nikampa mkono. Hapo hapo akaongeza kwamba ndege yeye hawawezi tena, miguu yake haipandi dungu, kwa hiyo mtama ukianza kutia maziwa itabidi nije niamie mwenyewe. Nilidhani ananitania. Hakuwa ananitania.

Basi nikaamia ndege, mimi hapa, mama wa makamo mwenye mashine na lebo. Nilipanda dungu alfajiri na debe la kugonga, na kombeo alilonisukia yule mama kwa ukili. Kombeo sikuliweza. Donge la kwanza la udongo lilikwenda nyuma badala ya mbele, likampata jogoo wa jirani, na ikabidi nishuke kwenda kuomba radhi wakati ndege wanaendelea kula. Baada ya hapo niliacha kombeo nikategemea mdomo. Kweleakwelea wanashuka kundi zima, unawafukuza huku wanahamia kule, na wale wa kule wanarudi huku, na mimi juu pale nawatukana wao na waliowataga. Mume wangu alikuja siku moja kuniletea chakula, akasimama kwenye kichochoro cha shamba anasikiliza, akasema anafurahi kwamba sasa hata ndege wanayajua maisha yake. Nilimnyima mazungumzo mpaka jioni.

Lakini tulivuna. Kinamama wa pale walikuja kupura na kupepeta, wakaimba, wakanisema, wakala kunde zetu, na yule mama akapanga magunia yake juu ya uchaga. Punje zilikuwa nyeupe, nzito, safi, huoni jiwe. Niliziminya mkononi nikajisikia kulia. Nilirudi Chumbageni nikawatangazia watu wote, hata ambao hawakuniuliza, kwamba Ramadhani hii watakunywa uji ambao hawajawahi kuunywa. Katika hilo sikusema uongo.

Siku ya kwenda kuchukua magunia nyumba yake nzima ilinukia ubani. Sikushangaa. Mama wa Kitanga akitarajia mgeni hufukiza, na watu wazima wa pwani hii hufukiza kila kitu, nguo, nywele, mtungi wa maji, mpaka chumba ambacho hakuna mtu anayelala. Nilifikiri ni nyumba. Tulipakia magunia kwenye gari, upepo wa njiani ukanipiga usoni, nikafika nyumbani sijui lolote.

Mashine ndiyo iliyosema ukweli. Mtama ulipoanza kusagika na kupata joto, ubani ukafumuka. Ukajaa uani, ukaingia ndani, ukapita dirishani, ukashika njia. Nafuu ungekuwa udi, watu wangedhani kuna harusi. Ule ulikuwa ubani hasa, wa dua, wa nyumba yenye msiba. Nikazima mashine, nikatia pua ndani ya gunia, nikakaa chini.

Mume wangu alikuwa barazani, na mume wangu, Mungu amzidishie, ana sura ya huzuni hata akiwa ameshiba. Jirani wa kwanza alipita, akanusa, akamtazama, akavua viatu akakaa karibu naye bila kusema neno. Akaja wa pili amevaa kofia. Alisema inna lillahi, na mume wangu akamwitikia, maana ukisikia maneno hayo unaitikia, huulizi. Nilipotoka nje nimejaa unga kuanzia kichwani, nimefunga kanga kiunoni, macho mekundu, nikawakuta wanaume wanne wamenyamaza kimya, na mmoja akaniambia nijikaze, tuko njia moja sote. Nikamuuliza nani kafa. Akasema yeye hakutaka kuuliza.

Nilimfokea mume wangu kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kumfokea. Akasema yeye alidhani ni mtu wa upande wangu.

Tuliuanika mtama juani, tukaupepeta upya, tukausaga. Harufu ilipungua, haikwisha. Ramadhani ilikuwa kesho kutwa na sikuwa na mtama mwingine, na watu nilikwisha kuwatia hamu mwenyewe kwa mdomo wangu. Nikaupakia, nikaubandika zile lebo, nikauza.

Siku ya kwanza ya mfungo, baada ya magharibi, simu zikaanza. Mmoja alisema wanawe wamegoma kunywa uji mpaka waambiwe ni hitima ya nani. Mwingine alisema baba mkwe wake alipewa kikombe, akainua mikono akaanza kuomba dua, na familia nzima ikaitikia amina huku futari inapoa. Kuna aliyelalamika kuhusu dona, na dona lenyewe ni la mahindi, lakini lilipita kwenye mashine baada ya mtama na likapata sehemu yake. Asubuhi pakiti zikaanza kurudi. Zilirudi zimefunguliwa, zimekunjwa juu, zimefungwa na mpira, na kila aliyerudisha aliirudisha kwa sauti.

Nikapanda gari kwenda Tongoni. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilikuwa na maneno mazito, wallahi, mengine sijapata kuyatumia hata kwa ndege. Nilifika nikagonga, nikaitikiwa, na yule mama akatoka anatabasamu, mara ya kwanza kumwona meno. Alinishika mkono akanivuta ndani kabla sijakaa vizuri, akanionyesha chetezo chake.

Alinieleza kwamba nilipomkataza dawa ya dukani alipata wasiwasi na fukusi. Akachanganya mtama na majivu na majani ya mwarobaini, lakini moyo wake haukutulia. Basi kila Ijumaa, tangu mavuno, alikuwa akitia makaa kwenye chetezo, anaweka ubani, anakisogeza chini ya uchaga magunia yapate moshi vizuri. Ubani, alisema, si dawa. Na tena kitu kinachotoka kwake kwenda kwa watu hakitoki hivi hivi. Mabinti zake walipoolewa aliwafukiza kabla hawajavuka mlango, na mtama huu ulikuwa wa kwanza kutoka shambani kwake kwenda mjini tangu marehemu mumewe alipofariki.

Kisha akaniuliza unga unakwendaje.

Maneno yangu yote yakayeyuka. Nilimtazama vile alivyokuwa amekishika kile chetezo na nikaona siwezi. Nikamwambia unakwenda vizuri sana, watu wanausifu. Akashukuru Mungu. Nikarudi nyumbani na hasira zangu zote tumboni, na ningekuwa sijafunga ningesema nina kiungulia.

Mambo yaligeuka kwa ajili ya bibi mmoja, kikongwe wa mtaa wa nyuma yetu ambaye mjukuu wake alirudisha pakiti asubuhi. Alasiri bibi akaja mwenyewe na bakora. Nilijiandaa kwa matusi. Kumbe alikuja kuuliza kwa nini unga wake umerudishwa bila ruhusa yake. Alisema tangu watu walipoleta mafriji hajaonja maji yenye ubani, maji siku hizi hayana ladha, na jana alipokunywa ule uji alimwona mama yake. Nilimpa pakiti ile ile iliyokuwa imerudi. Kesho yake alikuja na wenzake, na keshokutwa wenzake wakaja na wenzao. Sikujua kwamba Chumbageni ina wazee wengi kiasi kile, wengine nilidhani walikwisha kutangulia. Walikuwa wanakuja baada ya alasiri, wanajipanga kwenye kivuli cha ukuta wetu, wanagombana nani wa kwanza. Pakiti zilizorudi zikatoka, na ambazo hazijafunguliwa zikatoka. Kumi la mwisho lilipoingia hatukuwa na hata punje, na wale waliorudisha wakaanza kuja kuuliza kwa sauti ya chini kama imebaki.

Nilimpigia yule mama simu nimweleze. Simu yake huiwasha anapotaka kupiga yeye, akimaliza anaizima. Nikasema nitakwenda. Lakini ukiwa na mashine, mwisho wa Ramadhani watu wanataka unga wa vitumbua, unga wa mikate ya mchele, kila mtu ana haraka, siku zikapita. Nikajipa moyo kwamba habari njema haiozi, nitampelekea Idi.

Idi mosi niliwasha gari. Yule bibi wa bakora alisikia ninakokwenda, akasema anakuja, anataka kumwona mtu anayefukiza nafaka. Sikuwa na nguvu ya kumkatalia. Alikaa mbele, mume wangu akakaa nyuma.

Tulikuta gari jingine mlangoni Tongoni. Barazani walikuwapo wanawe wawili na mwanamume mmoja mgeni, mnene, amevaa kanzu mpya, na mbele yao kuna chai na vitumbua. Yule mama alikuwa amekaa pembeni, kanga zake zimenyooka kama siku zote, lakini hakuinuka. Nikamwamkia, nikampa mkono wa Idi. Akaupokea.

Akaniambia, mbele ya watu wote, kwamba shamba ameshalitolea neno, anauziwa mgeni yule. Kuna mama wa kijijini pale anayeuza samaki Chumbageni, na katikati ya Ramadhani alirudi na habari kwamba unga wa Tongoni watu wanaurudisha. Ameona kwa macho yake. Mvua zinakaribia, aliongeza, na yeye hawezi kupanda kitu ambacho watu wa mjini wanakitupa.

Nikasema unga umekwisha. Wote, hata vumbi lake. Nilisema haraka haraka, nikieleza wazee, foleni, ukuta wetu, na kadiri nilivyosema nikajiona ninavyoonekana. Mwanawe mkubwa alitabasamu kwa adabu.

"Hata siku ile uliniambia unakwenda vizuri," alisema yule mama.

Nilitamani ardhi ya pale ipasuke, shamba lile lile tulilokuwa tunaligombania, nizame nalo. Mtu mmoja tu katika maisha yangu nilimstahi, nikameza hasira yangu kwa ajili yake, na huyo ndiye anapoteza shamba kwa sababu haniamini.

Ndipo bibi akamaliza kushuka kwenye gari. Ilimchukua muda, na mume wangu alikuwa amemshikia mlango. Alikuja mpaka barazani, hakuamkia mtu, maana pale hakukuwa na wa kumwamkia, sote tukampa shikamoo zetu akazipokea kwa jumla. Akauliza ni nani anayefukiza ule mtama. Yule mama akasema ni yeye.

"Ubani umetia kidogo," bibi alisema. "Kikombe cha kwanza unausikia, cha pili husikii kitu. Na wewe mwenye kuuza, hukuniwekea hata pakiti moja ya Idi, nimefungua kinywa kwa chai ya rangi."

Akaendelea. Alilalamika kwamba unga umesagwa laini mno, uji wa mtama unataka chenga kidogo. Alilalamika kwamba pakiti ni ndogo. Alimwambia mama wa Tongoni kwamba ubani aliotumia si mzuri, ni ule wa madukani wenye vumbi, atafute wa machozi, na makaa yawe ya mkoko. Wakaanza kubishana. Yule mama, ambaye sijapata kumsikia akipandisha sauti, alisema ubani wake ni wa machozi na kila mtu Tongoni anajua. Bibi akasema basi ametia kidogo kwa ubahili. Niliona uso wa yule mama unabadilika kadiri anavyosemwa. Mtu anaweza kutunga sifa, lakini nani atapanda gari siku ya Idi kuja kutunga malalamiko?

Akageuka kwa wanawe. Aliwaambia kwa sauti yake ile ya taratibu kwamba alitoa neno kwa sababu mtama wake haukuwa na mlaji, sasa mlaji ni huyu hapa, amekuja na bakora. Mwanawe mkubwa alianza kusema, mama, mgeni ametoka mbali. Akajibiwa kwamba ndiyo maana ameandaliwa vitumbua. Yule mnunuzi, na nitampa haki yake, alicheka. Akamaliza chai, akaomba radhi, akaaga kila mtu kwa mkono, akaondoka. Wanawe wakamsindikiza mpaka kwenye gari wakabaki huko muda mrefu wakizungumza na upepo.

Nilipokwenda uani kunawa mikono yule mama alinifuata. Nilidhani anakuja kunishukuru, nikaanza kutengeneza uso. Alisimama mbele yangu akaniuliza kwa nini siku ile sikumwambia unga unarudi. Ulimi wangu ni mkali, alisema, Tongoni nzima wanaujua. Nikamwambia ukweli, kwamba nilikuja kumgombeza, lakini nilipomwona na furaha yake nikamwonea huruma.

"Huruma yako ilikuwa inauza shamba langu," alisema. "Wagonjwa ndio wa kuonewa huruma, mwanangu. Mimi nikikosea, nigombeze."